Hasira ya Mtoto na Adabu ya Kuisema

Kwa jina la Mwenyezi Mungu huanzwa kila jambo la kheri, na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Katika mambo yanayowashughulisha walimu wa vyuo na wazazi wa nchi ya juu ya Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo na vijiji vilivyo baina yake, ni hasira ya mtoto. Mtoto huletwa chuoni kusoma alifu na be. Siku moja mwenzake humgusia ubao wake, naye huuvurumisha chini, akampiga yule mwenzake ngumi, kisha akakataa kusema neno. Mwalimu humchapa, mtoto hunyamaza, na watu husema: amepona. Lakini kunyamaza si kupona. Mtoto hawezi kuizuia hasira asiyoijua, na kumfundisha kuijua na kuisema kwa adabu ni katika malezi yaliyowekwa juu ya mzazi na mwalimu. Asiyefundishwa kuisema kwa ulimi, ataisema kwa mkono.

FASILI YA KWANZA: Hasira yenyewe si dhambi

Wako watu wanaomwambia mtoto kwamba kukasirika ni kazi ya shetani, wakaishia hapo. Neno hili lina ukweli ndani yake, walakini halikutimia. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, ameigawa hasira katika Ihya mafungu matatu: iliyopita mpaka, iliyopungua mpaka, na iliyo baina ya hizo mbili. Ya kwanza humtoa mtu katika akili na dini. Ya pili humwacha hana ghera ya nafsi yake wala ya watu wake. Ya tatu ndiyo inayosifiwa, nayo hungoja ishara ya akili na sharia. Na imepokewa kwa Imam Shafi'i kwamba mtu akighadhibishwa asighadhibike hata kidogo, alimfananisha na punda.

Ama wasia wa Bwana Mtume kwa mtu aliyemwomba nasaha, akamkataza kughadhibika na kumkariria mara kwa mara, ni Hadithi sahihi ya Bukhari, nayo ni ya 16 katika Arubaini ya Imam Nawawi. Wanavyuoni wamesema muradi wake si kuing'oa tabia aliyoumbiwa mtu, kwani hilo haliwezekani, bali ni kujiepusha na sababu zake na kutoitii inapoamrisha ubaya.

Na katika Sura ya Al-Aaraf kuna mazingatio makubwa kwa mwalimu wa chuo. Nabii Musa aliporudi kwa watu wake akawakuta wamemwabudu ndama, alirudi mwenye ghadhabu na huzuni, akazitupa zile mbao, akamshika nduguye kichwani akimvuta kwake. Ghadhabu yake ilikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mtume aliyehifadhiwa. Harun hakumjibu kwa ukali. Alimwita kwa jina la mama yao, akamweleza udhuru wake, na Musa akamwombea dua yeye na nafsi yake. Kisha Kurani yaeleza kwamba ghadhabu ilipomtulia Musa, alizitwaa zile mbao. Mambo matatu yamo humu: hasira na huzuni zaweza kukaa katika kifua kimoja, hasira hutulizwa kwa neno laini lenye maelezo, na ikisha kutulia, elimu huokotwa tena. Basi mtoto aliyeutupa ubao wake hajatoka katika elimu. Yataka asubiriwe mpaka atulie, kisha aambiwe auokote.

FASILI YA PILI: Wanachokichukua watoto wa nchi hii

Wilaya za Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi mara baada ya mara. Walikuja watu wa Burundi mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993 baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka 1996 wakaja watu wa Kongo, na kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 Burundi ikaingia tena katika machafuko. Maelfu ya watu walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho pwani ya Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, wakapatwa na kipindupindu, na meli ya Liemba ikawa ikiwachukua kuwapeleka Kigoma. Wengine walipita nchi kavu. Nyarugusu ikajaa, ikafunguliwa tena kambi ya Nduta katika Kibondo, kisha Mtendeli katika Kakonko, ambayo ilifungwa mwaka 2021. Katika miaka ile ya mwanzo, watoto wengi walisoma chini ya miti kwa kukosa madarasa. Tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerejeshwa kwao, na katika hao wako watoto waliozaliwa Tanzania, wasioijua Burundi ila kwa khabari.

Katika watu hao wako Waislamu, na wengine wao ni watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika Bujumbura. Nao, kama walivyo Waislamu wenyeji katika nchi ya Waha, huwapeleka watoto wao chuoni. Basi juu ya jamvi moja huenda akakaa mtoto aliyeiona nyumba yao ikiachwa usiku, na mtoto wa mkulima ambaye baba yake hurudi shambani na uchovu asiseme naye, na yatima anayelelewa na shangazi. Wote husoma sura moja, lakini vifuani mwao hamna jambo moja.

Katika lugha ya Kirundi kuna neno ishavu, nalo hubeba hasira na uchungu kwa pamoja. Neno hili lamfaa mwalimu kulijua, kwani mtoto anayepiga ngumi kwa sababu ya kugusiwa ubao, mara nyingi si ubao unaomuuma. Ubao ndicho kitu pekee alichobaki nacho ambacho ni chake. Mwalimu akiona ngumi tu, ataadhibu ngumi. Akiona uchungu ulio nyuma yake, atajua pa kuanzia.

FASILI YA TATU: Suala na jawabu

Suala: Je, Mwenyezi Mungu hakuwasifu wanaoizuia ghadhabu yao? Basi kumfundisha mtoto kuisema si kinyume cha hayo?

Jawabu: Amewasifu katika Sura ya Aal Imran, na neno lililotumiwa hapo asili yake kwa Waarabu ni kukifunga kinywa kiriba kilichojaa maji. Afungaye kiriba hadai kwamba hamna maji ndani. Ajua kwamba mmejaa, akafunga yasimwagike ovyo, kisha akayamimina mahali panapostahiki. Na katika Aya hiyo hiyo kuzuia kumefuatwa na kusamehe. Mtoto aliyekatazwa hata kujua kwamba amekasirika, atasamehe nini? Huyo hakufunga kiriba. Amekaa juu yake, na siku moja kitapasuka.

Na zipo dalili kwamba aliyeudhiwa ana haki ya kusema. Katika Sura ya An-Nisaa, Mwenyezi Mungu amechukia ubaya kusemwa kwa sauti, akamtoa katika hukumu hiyo aliyedhulumiwa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alikuja kumdai Bwana Mtume deni lake kwa ukali. Masahaba wakataka kumtendea, naye akawakataza, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe kilicho bora kuliko chake.

Na lililo tamu zaidi ni khabari ya Bibi Aisha, nayo imo katika vitabu hivyo viwili. Bwana Mtume alimwambia kwamba yeye hujua anapokuwa radhi naye na anapokuwa amekasirika: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na hasira huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bibi Aisha akakiri, akasema kwamba hakiachi ila jina lake tu. Tazama adabu ya pande mbili. Yeye aliidhihirisha hasira yake kwa ishara ndogo isiyovunja heshima, na Bwana Mtume aliisoma ishara ile bila ya kumkemea. Haya ndiyo yanayotakiwa chuoni: mtoto apate njia ndogo ya kuonyesha, na mwalimu awe na jicho la kuona.

Tena mtoto hajafikiwa na kalamu ya amali mpaka abaleghe. Hasira yake haiandikwi dhambi, wala ngumi yake haimfanyi mwovu. Lakini mazoea yake huandikwa katika tabia yake, na baada ya kubaleghe hujikuta nayo.

FASILI YA NNE: Njia za kumfundisha

Njia ya kwanza ni majina. Lugha ya Kiswahili haikuacha hasira ikae kwa jina moja. Kuna kuudhika, kuna kununa, kuna kukasirika, kuna kughadhibika, kuna kinyongo kinachokaa siku nyingi, na kuna fedheha na wivu na hofu ambazo huvaa nguo ya hasira. Mwalimu na ayaandike maneno haya ubaoni moja moja kwa juma, kama aandikavyo herufi, na kila mtoto atoe mfano: lini mtu hununa? Lini huona wivu? Ajuaye kusema kwamba ameona haya mbele ya wenziwe, hana haja ya kumpiga aliyemcheka.

Njia ya pili ni mwili. Mtoto aulizwe hasira humwanzia wapi: kifuani, tumboni, au katika vidole vinavyojikunja. Akisha kujua mwanzo wake, afundishwe yaliyopokewa katika Sunna: ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na shetani, akiwa amesimama akae, na isipomwondoka ajilaze, anyamaze kwanza, na atie udhu, kwani maji huzima moto. Mambo haya yafanyiwe mazoezi siku ya utulivu. Asiyezoea kukaa chini akiwa mtulivu hatakumbuka kukaa akiwa na ghadhabu.

Njia ya tatu ni kuchora. Hapa huulizwa hukumu. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba kuchora chenye roho ni haramu, na kwamba miti na visivyo na roho havimo katika katazo hilo. Na Ibn Abbas alimwelekeza mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kuchora kwamba, ikiwa hana budi, achore miti na visivyo na roho. Mlango huu ni mpana sana kwa mtoto. Aambiwe: chora hasira yako ingekuwa mvua ingekuwa mvua gani, ingekuwa mto, ungekuwa mto Malagarasi wakati wa kiangazi au wakati wa masika, ingekuwa njia, ingepita wapi. Kipande cha mkaa na ubao ulioshwa vyatosha, na kisha kufutika mtoto huona kwa macho yake kwamba jambo lililokuwa kubwa laweza kuoshwa.

Njia ya nne ni udongo. Watu wa Kasulu na Kibondo hufyatua matofali, na mtoto aujua udongo tangu utotoni. Apewe donge alifinyange na kulipigapiga, kisha atengeneze chungu, au nyumba, au jiwe. Mkono uliotaka kupiga mtu umepata cha kupiga, na mwisho wake pametoka kitu chenye manufaa. Ama sanamu za kuchezea za watoto wa kike, wanavyuoni wengi wameziruhusu kwa khabari ya Bibi Aisha aliyekuwa akicheza nazo. Katika Abu Daud imo khabari ya farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa, ambaye Bwana Mtume alipomwona alicheka.

Njia ya tano ni hadithi. Mtoto asiyeweza kusema "nimeumia" aweza kusema "sungura aliumia". Mwalimu aanze: kulikuwa na mtoto aliyenyang'anywa kitu chake njiani, kisha awaache wao wamalizie. Haifai kuigiza Mitume, bali hadithi zao zisimuliwe kama zilivyo, na maigizo yawe ya wanyama na ya watoto wasio na majina. Mwalimu asiwe mwepesi wa kusema "mwisho huu mbaya". Aulize: na baadaye ikawaje?

Njia ya sita ni shairi. Bwana Mtume alimkuta mtoto mmoja, Abu Umayr, ana huzuni kwa kufiwa na ndege wake mdogo. Akamsemesha kwa maneno mepesi yenye vina akimuulizia ndege wake. Hakumwambia kwamba ndege si kitu. Alikitaja kilichompotea kwa jina lake, kwa mchezo na kwa upole. Watoto wafundishwe mizani minane na kina kimoja, watunge wenyewe hata iwe beti moja tu, kama hili:

Hasira ikinijia,
ngumi nitaizuia,
neno nitalitumia,
mwalimu nikamwambia.

Ubeti huu si wa kushindania. Wafaa kwa kuwa mtoto akiusoma kwa sauti kila asubuhi, ulimi wake hupata njia kabla ya mkono.

Tanbihi: Anayoyachora au kuyasimulia mtoto ni amana. Yasionyeshwe watu, wala asishurutishwe kueleza. Lakini likidhihiri jambo la madhara, kwamba mtoto anapigwa kupita kiasi au anaingiliwa katika heshima yake, hapo amana ni kumwokoa, si kunyamaza. Asirudishwe kwa aliyemdhuru kwa kuogopa fitina. Shauri lipelekwe kwa mtu mwaminifu wa jamaa yake asiyehusika, na khabari ifikishwe serikali ya mahali na kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelifanya jambo hilo kuwa wajibu wa kila mwanajamii anayejua.

FASILI YA TANO: Hasira ya mwalimu

Yote yaliyotangulia hayana faida ikiwa mwalimu mwenyewe hajui hasira yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim katazo la kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ameghadhibika. Ikiwa kadhi, mwenye mashahidi mbele yake, amekatazwa, basi mwalimu aliyekaa peke yake na mtoto mdogo ana haki zaidi ya kujizuia. Na katika madhehebu ya Shafi'i, mwalimu hana ruhusa ya kumtia mtoto adabu ila kwa idhini ya walii wake, na adabu yake ikileta maangamizi, mwalimu hudhamini. Sharia ya nchi nayo, kwa kanuni za mwaka 2002, imeweka katika shule kwamba fimbo zisizidi nne, na zisipigwe ila na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye. Na Anas bin Malik alimtumikia Bwana Mtume miaka 10 tangu utoto wake, naye ameeleza kwamba hakuambiwa hata neno dogo la kukereka. Huu ndio mfano, na hizo nyingine ni mipaka.

Na kuna khabari ya nchi hii hii inayofaa kuzingatiwa. Katika kambi ya Nyarugusu, shirika la IRC liliwafundisha walimu kuitambua ghadhabu yao na kuipoza, na kuwaongoza wanafunzi bila ya fimbo. Watafiti wakalipima jambo hilo katika shule 27 za kambi hiyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2021: haikuonekana dalili kwamba mafunzo yale yalipunguza kupigwa kwa watoto. Khabari hii isimkatishe mtu tamaa, wala isifichwe. Yaonyesha kwamba tabia ya miaka mingi haiondoki kwa vikao vichache, na kwamba mwalimu mwenye kundi kubwa na mashaka mengi hurudia alilolizoea, hata akiwa ameambiwa lililo bora. Kila mwenye chuo ajua kwamba mtoto hahifadhi juzuu kwa kuisikia mara moja. Hurudia kila siku, na mwalimu humsikiliza. Kadhalika upole hauhifadhiwi illa kwa kukaririwa, na walimu nao wanahitaji wa kuwasikiliza. Walimu wawili wa vijiji jirani wakikubaliana kuulizana kila Ijumaa ni mara ngapi kila mmoja aliinua fimbo akiwa na hasira, watakuwa wameanza.

KHATIMA

Katika jumla ya yaliyotajwa: mtoto ajue jina la hasira yake, ajue pa kuikalisha, apate ubao na mkaa na udongo na neno la kuitoa, na apate mtu mzima wa kuipokea bila ya kulipiza. Mwalimu asiharakie msamaha. Kwanza asikilize, kisha ahukumu kwa haki, kisha ndipo amfundishe kusamehe, kwani msamaha wa aliyesikilizwa ndio unaotoka moyoni.

Mtoto mkimbizi huenda leo yuko chuoni, na mwakani akawa ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo mwalimu wake hatamwona tena. Hachukui jamvi wala ubao. Achukua alichohifadhi kifuani. Kama alichohifadhi ni sura na fimbo, vitakwenda pamoja. Na kama ni sura na adabu ya kusema anapoumia, basi hiyo ni sadaka yenye kuendelea kwa aliyemfundisha.

Mwenyezi Mungu awape walimu na wazazi subira, na awape watoto ndimi za haki na nyoyo zilizotulia. Amin. Wallahu aalam.